Jumapili ya Mbegu

Monsenyeri Laurent alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko Injili, Mungu anisamehe kusema hivyo. Nimeisikia mezani, nimeisikia kanisani, nimeisikia akiwasimulia wageni wa kutoka Kinshasa huku supu yao inapoa. Ni hadithi ya sufuria ya mama yake.

Alikuwa padri mpya, ndiyo kwanza amepewa parokia, tena parokia ya kwao kabisa, kule juu kwenye milima ya Djugu. Akakuta watu wanapewa mbegu za msaada na kuzila kabla mvua haijaanza, kisha wanaomba tena mwaka mzima. Akatunga sheria. Kila mwaka mvua ikikaribia kutakuwa na Jumapili ya Mbegu. Watu walete maharage na mahindi yao ya kupanda mbele ya altare, naye atayabariki. Mbegu ikishabarikiwa haipikwi, haiuzwi, na kabla ya Jumapili inayofuata iwe imeingia ardhini, katika shamba la mwenyewe. Watu wakamcheka. Jioni ile ile akapita nyumbani kwao na kumkuta mama yake ameinjika maharage ya baraka. Akaipua sufuria kwa mikono mitupu, akaimwaga mlangoni, majirani wakiona.

"Mama hakusema neno," ndivyo alivyomalizia siku zote, akituonyesha kovu la kuungua kwenye kiganja. "Kesho yake alishika jembe, akapanda zile zilizobaki. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa parokia yangu aliyepika mbegu."

Ilikuwa kweli, na sheria ile ndiyo iliyompandisha. Njaa ilipungua kule juu, maghala yakajaa, mapadri wa parokia nyingine wakaja kujifunza. Akaitwa Bunia, akafanywa vikari mkuu, na baadaye Roma ikampa cheo cha Monsenyeri pamoja na mshipi wa zambarau ambao mimi ndiye niliyekuwa nikiufua. Vita vya kwanza vilipofika, aliwaingiza watu wa makabila yaliyokuwa yakiuana ndani ya kanisa moja, akalala mlangoni mpaka hatari ikapita. Watu wa kwao waliamini kila neno lililotoka kinywani mwake. Nadhani hilo ndilo lililotuponza.

Mimi ni Masela Charlotte, mtawa, mzaliwa wa Ariwara, binti wa mwuza vitenge. Kwetu mtu haanzi biashara kwa kungoja baraka, anaanza kwa kuamka mapema. Ni miaka mingi sasa naiendesha nyumba ya mapadri wazee hapa Shari, mtaa wa Bunia, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Nasema haya ili ijulikane kwamba Jumapili ya Mbegu kwangu ilikuwa hadithi ya mezani tu. Sikujua kwamba kuna watu ambao bado wanaishi ndani yake.

Parokia ile iliungua. Watu wa bunduki waliichoma, kanisa na nyumba zote, na walionusurika wakateremka mpaka Bunia, wakawekwa kwenye site ya wakimbizi nje kidogo ya mji, chini ya vibanda vya turubai. Miongoni mwao alikuwa Alphonsine, mdogo wake Monsenyeri, mjane, ndugu pekee aliyembakia. Tulimwomba aje akae kwetu, chumba kipo. Akakataa. Alisema hawezi kulala kwenye godoro wakati majirani zake wanalala kwenye matope, na alisema hivyo akinitazama mimi, kana kwamba ni mimi niliyetandika matope yale. Nilimpenda kwa shida, lakini nilimpenda.

Kila wiki Monsenyeri alikwenda kuwatazama. Alirudi akiwa amezeeka zaidi. Alikuwa amestaafu, hana ofisi wala mamlaka, na watu wale walimwuliza jambo moja tu, lini tunarudi. Usiku nilimsikia akitembea chumbani. Mtu aliyejenga kitu maisha yake yote, kisha akakaa mahali anapouona moshi wa kitu hicho, haponi haraka.

Mwaka huu, mvua zilipokaribia, Alphonsine akaja kwetu na kundi la akina mama. Walikaa barazani, wakakataa chai.

"Yaya," Alphonsine akamwambia, ndivyo kwao wanavyomwita kaka mkubwa, "tuko na maharagi kidogo. Tulikuwa tunaficha kila mara banagawa chakula. Tunaomba utubarikie mbegu, sawa zamani."

Monsenyeri akalia pale pale, mbele yao. Nilipata hasira kidogo, maana mzee yule hakuwahi kuweza kukataa kitu kilicholetwa na machozi, hasa machozi yake mwenyewe. Walipoondoka nikamwuliza watapanda wapi.

"Nyuma ya vibanda. Kwenye mifuko yenye udongo," akasema. "Masela, watu wale wamekuwa kama mizigo iliyoachwa kituoni. Waache wakumbuke kwamba ni wakulima. Ni faraja tu."

Siku yenyewe site ilifagiliwa kama uwanja wa kanisa kuu. Walileta mbegu kwenye vikapu, kwenye ndoo zilizokatwa, kwenye makopo ya dagaa. Alphonsine alikuwa wa kwanza kwenye mstari, kilemba kimefungwa barabara. Monsenyeri alipita na maji ya baraka, akinyunyiza huku na huku kama kijana, na akina mama wakapiga vigelegele ambavyo sikuwahi kuvisikia pale. Akasimulia tena hadithi ya sufuria.  Niliona wengine wakiisema naye kimoyomoyo, midomo inacheza. Nikafurahi, nisidanganye. Nilirudi nyumbani nikamkaangia yai.

Jumanne asubuhi akaja Rodrigue, rais wa site, yaani kiongozi wa wakimbizi, amelowa jasho.

"Bamama ya kwenu balienda, Monsenyeri," akasema. "Balitoka jana asubui na majembe. Miye nalizania banaenda kutafuta kazi ya kulima kwa mashamba ya batu. Leo nakuta vibanda iko vitupu. Mama Alphonsine njo alikuwa mbele."

"Balienda wapi?" Monsenyeri akauliza.

"Kwenu. Kule juu." Rodrigue alimtazama kama mtu anayeulizwa jambo ambalo mwulizaji analijua. "Banasema mbegu ilishaka barikiwa. Haiwezi kufika Jumapili haijaingia mu udongo. Na udongo ya site haiko yao."

Monsenyeri alikaa kwenye kiti, taratibu, akishika meza. Alikitazama kiganja chake. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja siku ya wiki, "Nimewaua."

Kule juu hakuna mtu aliyelala hata usiku mmoja tangu kanisa liungue. Watu wa bunduki walikaa ng'ambo ya kijito, na walikwisha kusema kwamba atakayepiga jembe kwenye mlima ule ni adui yao. Kila mtu Bunia alijua. Akina mama wale walijua kuliko wote, maana ndio waliowazika wenzao. Walikwenda kwa sababu waliambiwa na padri wao, tangu wakiwa wasichana, kwamba mbegu ya Mungu hairudishwi.

Siku ile tulihangaika mpaka jua likazama. Simu ya Alphonsine haikupatikana. Monsenyeri akaenda redioni, akaomba kipaza sauti, akatangaza: mimi Laurent niliyeiweka sheria ninaiondoa, mbegu zile zipikwe, ziliwe, rudini. Aliyarudia mpaka sauti ikakauka. Tulipotoka nje, Rodrigue akamwambia kwa upole kwamba akina mama wale hawana redio, na hata mtu akiwafikishia maneno hayo, watasema ni mjanja mmoja amemwigiza.

"Weye mwenyewe njo ulibafundisha," Rodrigue akasema. "Hakuna mwengine bataamini."

Basi ikawa wazi kwamba lazima aende mwenyewe. Nilimkataza. Nilimwambia ana miaka mingi na moyo mbovu, na kwamba akifa njiani atakuwa amewasaidia nani. Akaniambia niende nikasali. Nikamwambia nitasali nikiwa kwenye pikipiki, kwa sababu haendi bila mimi.

Jumatano alfajiri tulibebwa na Assani. Assani ni Mwislamu wa Niania, alichimba dhahabu mpaka mgongo ukamkatalia, sasa anabeba watu, na njia za Djugu anazijua kama nyumba yake. Wengine wote walikuwa wamekataa safari ile. Alitutazama, mzee mwenye kanzu na mtawa mwenye kilo zake, akacheka kidogo.

"Masela, miye nabebaka mizigo ya kila namna, lakini haijabeba parokia muzima."

"Endesha," nikamwambia. Alikuwa mtu pekee siku ile aliyejaribu kunichekesha, na sikumshukuru.

Monsenyeri alikaa katikati, mimi nyuma nikimshika kiunoni. Mifupa yake niliihisi mkononi. Njia nzima alitaja jina la dada yake tu, mara kwa mara, si kwa sala, kama mtu anayeita mlangoni.

Kwenye bariyeri ya mwisho, kizuizi cha jeshi barabarani, komanda alimtambua, akampigia saluti. Alisema hana askari wa kutosha kupanda kule. Alisema pia jambo ambalo ningependa asingelisema.

"Bale bamama balipita mu majani, hatukubaona. Bakirudi kutoka ngambo ile, bijana bangu banaweza kuzania ni batu ya adui. Siwezi kufungulia batu sijue. Nitafungua kama weye mwenyewe iko mbele yao, Monsenyeri. Kesho hapana. Leo, mbele ya giza kuingia."

Baada ya pale njia iliisha kuwa njia. Majani yalikuwa yamefunika kuta za nyumba, na miti ya matunda ilisimama penye viwanja visivyo na watu. Kanisa lake tulilipita bila kusimama. Halikuwa na paa, na ndani yake palikuwa pameota mahindi ya kujiotea. Hakugeuza shingo. Mimi niligeuza.

Tukawaona kwenye mteremko nyuma ya kanisa. Walikuwa wamejipanga mstari, wameinama, wanapanda kimya kimya. Hakuna aliyeimba, hakuna moto uliowashwa. Baadaye nilijua kwamba tangu wafike walikuwa wakila mihogo mibichi na kunywa maji ya mfereji, kwa kuogopa moshi usiwaite wale wa ng'ambo. Walipomwona Monsenyeri wakanyoosha migongo, na nyuso zao zikang'aa. Walidhani amekuja kuwasaidia.

Alphonsine alikuwa mwisho wa mstari, kwenye shamba la mama yao. Alikuwa amekwisha kupanda nusu yake.

Monsenyeri aliwaambia kila kitu. Aliwaambia warudi sasa hivi, bariyeri itafungwa. Aliwaambia Mungu hataki mbegu, anataka watu. Aliwaambia sheria ile si ya Mungu, ni yake, aliitunga mwenyewe usiku mmoja kwenye meza ya jikoni akiwa kijana mwenye kiburi. Wakamsikiliza kwa heshima. Kisha mama mmoja aliyeitwa Gentille akamjibu, kwa huruma, kama anavyojibiwa mgonjwa.

"Monsenyeri, unasema vile sababu ya woga. Siye pia tunaogopa. Lakini imebakia kidogo tu. Tukimaliza, tutashuka."

Na wakainama tena.

Assani alikuwa amepanda juu ya ukuta wa kanisa kuangalia. Akateremka, akaninong'oneza kwamba ng'ambo ya kijito kuna watu wanatembea.  Nikamwendea Monsenyeri nikamwambia, naye akafumba macho. Alipoyafumbua alikuwa na uso nisioujua.

Akachukua kikapu cha Gentille kutoka mwanzo wa tuta, kilikuwa bado na maharage robo. Akatafuta sufuria, akaipata ya mama mmoja, ile waliyochotea maji, yakiwa bado nusu. Akapanga mawe matatu pale pale shambani, juu ya matuta mapya. Akakusanya majani makavu na vipande vya mbao za kanisa, akaniomba kiberiti, nami nikampa, kwa sababu sikuelewa. Nilipoelewa moto ulikuwa umewaka.

"Monsenyeri," Gentille akasema. "Moshi."

"Ndiyo, moshi," akasema. "Watauona. Kwa hiyo hakuna atakayebaki hapa."

Akamimina maharage ya baraka ndani ya sufuria.

 Akina mama waliacha majembe, wakaja polepole, wakasimama kwa mbali wakizunguka moto. Maharage yanataka saa nzima na zaidi, kila mpishi anajua. Yeye hakungoja. Maji yalipoanza kuchemka alitia mkono, akachota, akatia mdomoni, akatafuna. Tulisikia meno. Machozi yalimtiririka, na akachota tena. Alikula mbele ya watu wake kile alichowakataza maisha yao yote, yakiwa mabichi, moshi ukipanda juu ya kichwa chake ukinyooka mpaka mawinguni. Mama mmoja akaanza kupiga yowe, kama kwenye msiba. Mwingine akatema mate chini. Mwingine, mzee kuliko wote, alikwenda mpaka kwenye moto, akamwaga mbegu zake ndani ya sufuria, akamwambia, "Basi kula na hizi." Akageuka, akaanza kushuka.

Ndivyo walivyotoka. Hawakumtii. Walimkimbia. Mbegu ilikuwa imechafuliwa na yule aliyeibariki, shamba limeharibika, mwaka umekwisha, na hapakuwa na kitu tena cha kubakia. Walishuka wakilia, majembe mabegani, na hakuna aliyemtazama. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa kila mgongo niliouona ukiondoka.

Alphonsine hakushuka. Alikuwa amerudi mwisho wa mstari. Tulipomfikia alikuwa anachimba shimo, anatia mbegu, anafunika kwa mguu.

"Alphonsine," Monsenyeri akasema. "Mudogo wangu. Twende."

"Nimekuona, Yaya. Iko unakula mbegu."

"Nilikula."

"Mama alikuwa na njaa." Hakuacha kupanda. "Ile jioni ulimwaga sufuria, mama alikuwa haijakula siku mingi. Miye njo nilishika mukono yako. Unakumbuka? Unasemaka hadisi ile kila mwaka, lakini miye haunitiaka ndani."

 Nilimtazama Monsenyeri, kwa sababu kipande kile cha hadithi sikuwahi kukisikia.

"Alipanda na tumbo mutupu, sawa ulimwambia," Alphonsine akaendelea. "Akaanguka mu shamba hii hii. Maharagi yakiota, siye tulishaka muzika. Batu bakasema, mama ya padiri alikufa mutakatifu. Alitii Mungu. Miye pia nikasema vile. Nimesema vile maisha yangu yote."

"Nilikosa," Monsenyeri akasema.

"Usiseme ile neno."

"Nilikosa, Alphonsine. Ningemwacha ale. Ilikuwa sheria yangu mimi, haikuwa ya Mungu. Nilikuwa mutoto tu, nilitaka batu baniogope. Nisamehe, twende."

Hapo ndipo alipoacha jembe. Alisimama wima akamtazama kaka yake, na sikuona chuki usoni mwake, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alikuwa akimwonea huruma.

"Kama mbegu inaweza kupikwa leo," akasema, "basi inaliweza kupikwa ile siku. Na mama alikufa bure. Miye siwezi kushuka na ile neno, Yaya. Ni nzito. Weye unaweza, sababu unabebaka maneno mingi. Acha miye nimalize shamba ya mama."

 Monsenyeri, mzee yule, alipiga magoti kwenye matuta, akamshika miguu. Mimi nilimshika Alphonsine mkono, nikamvuta, nikamwambia maneno makali, nikamwita mpumbavu. Alikuwa na nguvu za mkulima. Alinitoa mkono kama anavyotolewa mtoto anayesumbua. Moshi wa sufuria ile bado ulikuwa unapanda. Assani alikimbia akaumwagia moto maji na kuukanyagakanyaga, lakini wa kuuona walikwisha kuuona.

"Basi nakaa na wewe," Monsenyeri akasema.

Assani akamjibu kabla ya dada yake. "Monsenyeri, bale bamama balishafika mu njia. Komanda alisema nini? Bakifika bila weye, bijana bake batapiga masasi. Unajua."

Alijua. Sote tulijua. Aligeuka akatazama mteremko, mstari wa vilemba unaopotea kwenye majani, kisha akamtazama mdogo wake, kisha tena mteremko. Alitoa sauti ambayo si neno. Nimekesha na wanaokufa, nimewasikia, na ile ilikuwa sauti ya namna hiyo.

"Enda, Yaya," Alphonsine akasema. Alikuwa amekwisha kuinama. "Bale banakuhitaji kule ni bengi, miye niko moja."

Tulimbeba Monsenyeri tukamweka kwenye pikipiki. Nilimshika kiuno, na safari hii hakutaja jina la mtu.

Bariyeri ilifunguka. Alisimama mbele yao kama alivyotakiwa, akina mama wakapita nyuma yake mmoja mmoja, wote, wazima. Hakuna aliyemsalimu.

Kesho yake risasi zilisikika mpaka kwa komanda. Ndiyo habari tuliyoipata, na kwa muda mrefu hatukupata nyingine. Hakuna aliyeweza kupanda kule.

Monsenyeri alirudi site wiki ile, kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda. Walimpa kiti. Wana adabu watu wale. Lakini aliponyoosha mkono kumbariki mtoto, mama yake alimvuta mtoto nyuma, taratibu, bila neno baya. Mwingine akafanya vile vile. Monsenyeri akateremsha mkono, akauweka gotini. Njiani nikamwambia kwamba wangekuwa maiti na sasa wanapumua, na kwamba wanaopumua wana haki ya kukasirika. Nilitaka kumfariji. Akasema, "Ndiyo, Masela," kama mtu anayejibu litania. Hakwenda tena. Ile hadithi ya sufuria nayo ikaisha. Wageni walipoiomba, alisema ameisahau.

Mwezi wa sita jeshi lilifungua njia kwa siku chache, na Assani akapanda na mfanyabiashara mmoja aliyetaka kuona mabati yake. Aliporudi alikuja kwetu moja kwa moja, wakati wa chakula cha mchana, na mfuko wa plastiki mkononi. Alikataa kukaa.

"Ilizaa sana, Monsenyeri," akasema. "Ile nusu ya shamba. Hakuna mwenye kuvuna. Nikasema nikuletee."

"Na mwenyewe?"

Assani alivua kofia. "Nalikuta jembe. Na mawe imepangwa muzuri. Sijue ni nani alimuzika. Batu ya njia, labda. Nalisoma dua yetu, sijue kama inafaa."

"Inafaa," Monsenyeri akasema. "Aksanti, mwanangu."

Alipoondoka, mzee aliufungua mfuko. Yalikuwa maganda makavu. Akapasua moja, akamwaga maharage kwenye kiganja, juu ya lile kovu, akakaa akiyatazama. Kisha akanipa mfuko wote.

"Upike."

"Nitatenga kidogo ya mbegu," nikasema. "Akina mama..."

"Usitenge. Upike yote, Masela. Yaive sawasawa."

Nikapika. Alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na makaa, mchana kutwa, mpaka yakaiva. Nikageuka kutafuta kitambaa cha kuipulia sufuria, na nilipogeuka tena alikuwa ameishika kwa mikono mitupu. Nilipiga ukelele, nikidhani anakwenda kuimwaga. Hakuimwaga. Aliibeba mpaka mezani, polepole, ikimwunguza, akaitua. Akapakua sahani moja ikajaa, akaiweka mbele ya kiti kitupu upande wake wa kuume, pamoja na kijiko.

"Mama," akasema, "kula."

Nilikaa naye pale mpaka yakapoa.